Panya wa Paani na Wajibu wa Jirani

Miongoni mwa maswali ambayo wenye hekima wamekuwa wakijiuliza tangu zamani ni hili: Je, mtu aweza kuutimiza wajibu wake peke yake, ikiwa mafanikio ya wajibu huo yategemea pia matendo ya wenzake? Aghalabu swali hili huulizwa juu ya mambo makubwa, kama vita na amani, au utajiri na umaskini wa mataifa. Sisi tumependelea kuliuliza juu ya jambo dogo ambalo kila msomaji amepata kulisikia usiku kwa masikio yake: panya akikimbia paani. Asicheke mtu. Mambo makubwa hatuyafikii kila siku, na ni rahisi kuyasemea maneno mazuri bila ya kutenda lolote. Panya wa paani yupo leo, na usiku huu atashuka. Namna tunavyomkabili huonyesha namna tunavyomfikiria jirani, tunavyoifikiria mali ya wote, na mahali tunapouweka mpaka kati ya "changu" na "chetu".

Mifano yetu mingi tutaitoa Dodoma na katika uwanda wa kati wa nchi yetu, kwa sababu huko swali hili limekuwa swali la uhai. Mvua za huko ni za msimu mmoja tu. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Mwaka ukiwa mbaya hupungua mno. Mkulima wa mtama na uwele huvuna mara moja, na alichokiingiza ndani mnamo Mei au Juni sharti kimfikishe mavuno ya mwaka ujao. Kwake yeye nafaka si bidhaa tu, bali ni miezi ya maisha iliyohesabiwa. Debe likiliwa na panya mwezi Agosti, pengo lake halionekani mwezi huo. Pengo huonekana Februari, wakati jembe li mkononi, shamba lataka nguvu, na chungu hakina kitu.

Wazee wa Kigogo walijenga tembe, nyumba ndefu yenye paa la bapa. Nguzo za miti husimamishwa, juu yake zikalazwa boriti, kisha fito na matawi, kisha udongo ulioshindiliwa. Pande za nyumba hiyo huuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala, na watu wa kaya moja, yaani mzee na wake zake, wanawe na wake zao, hukaa katika vyumba vilivyopangana chini ya paa lisilokatika. Tembe ilikuwa na hekima nyingi. Ilizuia joto la mchana na baridi ya usiku, haikudai miti mirefu mahali pasipo miti mirefu, na juu ya paa lake nafaka iliweza kuanikwa. Ndani, gizani, vilisimama vilindo vya akiba. Lakini paa la fito na udongo ni kiota kizuri kwa panya. Na kwa kuwa paa lilikuwa moja, panya aliyeingia upande wa kaka alikuwa amekwisha kuingia upande wa mdogo wake. Hapakuwa na ukuta wa kumzuia.

Leo nyumba nyingi ni za matofali na bati, na wako waliodhani kwamba kwa bati panya ameshindwa. Hakushindwa. Panya wa nyumbani ni mpandaji hodari. Hupanda ukuta usiopigwa lipu, hutembea juu ya waya na kamba, huruka kutoka tawi la mwarobaini lililoegemea paa; na palipo na tundu la upana wa kidole gumba hupenya. Mahali apapendapo zaidi ni pale bati linapokutana na ukuta, kwa maana migongo ya bati huacha mianya ambayo fundi mvivu hakuiziba. Akiisha kuingia, huguguna. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, hivyo asipoguguna ataumia. Huguguna mbao za kenchi, nguo, vitabu, hata waya za umeme, na waya zilizochunwa zimepata kuunguza nyumba. Mwenziwe, panya shamba, hukaa mashambani wakati wa kilimo, na baada ya mavuno huifuata nafaka hadi nyumbani. Jike lake hubeba mimba kwa wiki tatu na siku chache tu, na aghalabu huzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Mvua zikija kwa wingi kabla ya wakati wake wa kawaida, chakula cha panya hupatikana mapema, na idadi yao yaweza kupanda kwa kasi ya kutisha.

Kabla ya kusema juu ya wajibu wa mtu, yafaa tumwondolee panya lawama isiyo yake. Katika usemi wetu panya ni mwizi, na mtu mnafiki husemwa kuwa hung'ata na kupuliza kama panya. Lakini wizi ni kosa la yule ajuaye kwamba kitu si chake. Panya hajui mipaka ya mali. Alikwenda alikosikia harufu ya chakula, akapita alipoachiwa njia. Tena kiumbe wa jamii hiyo hiyo, akifundishwa kwa subira, huwa mtumishi wa binadamu. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, tangu mwaka 2000 panya buku wamekuwa wakifunzwa kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kunusa vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao aliyeitwa Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia mwaka 2016. Huko alifichua mabomu na zana nyingine za mlipuko zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika moja la Uingereza likamtunuku nishani ya dhahabu, naye akafa Januari 2022. Basi uovu haumo katika ngozi ya panya. Nyumbani mwetu twamwua kwa sababu ya haja, si kwa sababu ya chuki. Na swali la maadili halimhusu yeye, bali latuhusu sisi tuliouacha mwanya wazi.

Rai ya kwanza juu ya swali letu ni ya mtu asemaye: "Nitasafisha kwangu, ya jirani hayanihusu." Mtu huyu si mvivu. Huziba matundu kwa saruji, hutega mitego, huamka usiku na taa na fimbo. Baada ya wiki moja kwake ni kimya, naye hulala akiamini kwamba ameutimiza wajibu wake. Lakini panya wake wamekwenda wapi? Waliokufa wamekufa, waliosalia wamevuka ua. Usingizi wake umelipiwa na jirani. Wala usingizi huo si wa muda mrefu, kwa maana nyumba ya jirani ikijaa, vizazi vya panya wale wale vitarudi kutafuta nafasi. Hivyo mtu wetu amefanya mambo mawili kwa wakati mmoja, naye aliona moja tu: amejilinda, na amehamisha dhara.

Je, kuhamisha dhara ni kosa? Mtetezi wake atasema kwamba hakukusudia, na ni kweli. Hata sheria humtofautisha aliyekusudia na asiyekusudia. Lakini kutokukusudia ni udhuru wa mara ya kwanza. Mtu akiisha kujua kwamba panya afukuzwaye huhamia kwa jirani, naye akaendelea kufukuza bila ya kumwambia jirani hata neno moja, ujuzi wake umekwisha kuwa sehemu ya tendo lake. Wajibu wake haukuwa kumvumilia panya nyumbani kwake kwa ajili ya jirani. Hapana atakayedai hivyo. Wajibu wake ulikuwa kwenda mlangoni pa jirani kabla ya kuanza na kusema: "Jirani, kesho naziba paa langu. Nawe ziba lako, na ukikosa ngazi, yangu hii hapa." Maneno hayo hayagharimu kitu, na pasipo hayo kazi yake yote ni nusu ya kazi.

Wako watakaosema kwamba huo ni wema wa ziada, si wajibu. Twawaomba wakifikirie kilindo cha jirani. Katika uwanda wa kati, mtu aliyeishiwa chakula haendi kwanza dukani. Huenda kwa ndugu na jirani, akaomba, akakopa, au akafanya kazi ili apewe nafaka. Mwenye nacho hawezi kumnyima bila ya kujivunjia heshima, na hata nafsi yake haitamruhusu kula huku watoto wa jirani wakimtazama. Ikiwa ndivyo, nafaka iliyo katika kilindo cha jirani ni akiba yako, na iliyo katika kilindo chako ni akiba yake. Panya alaye kwa jirani mwezi Agosti anakula chakula chako cha Februari. Mtu anayedhani kwamba paa la jirani halimhusu hajafanya hesabu yake mpaka mwisho.

Watu wa Ugogo hawana haja ya kufundishwa hesabu hiyo na kitabu. Kati ya mwaka 1917 na 1920 walipatwa na njaa kuu waliyoiita Mtunya. Chanzo chake hakikuwa panya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, yaliyokuwa yakipigana katika nchi isiyo yao, yalichukua nafaka na ng'ombe wa watu na kuwafanya vijana wapagazi. Kisha ukame ukaja juu ya nyumba zilizokwisha kunyang'anywa akiba. Wanahistoria hukadiria kwamba watu wapatao 30,000 walikufa. Twaitaja Mtunya kwa sababu yatuonyesha thamani ya akiba. Ukame ni desturi ya nchi ile, na wazee walijua kuishi nao. Kilichougeuza ukame kuwa mauti ni kutoweka kwa akiba katika nyumba zote kwa wakati mmoja, hata asipatikane wa kumkopesha mwenziwe. Akiba ya mtu mmoja ikipotea, jirani humsaidia. Akiba ya wote ikipotea, ujirani wenyewe hauna cha kutoa. Ndiyo maana ulinzi wa akiba hauwezi kuwa jambo la mtu mmoja, awe adui ni jeshi au awe ni panya.

Mwaka 1971, baada ya upungufu mkubwa wa chakula, ilianza Operesheni Dodoma, ambayo kwayo watu walihamia katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino akashiriki kazi ya matofali pamoja na wanakijiji. Pamoja na mengine, watu walihimizwa kuacha tembe na kujenga nyumba bora, kila familia na yake. Historia ya kuhamia vijijini ina mengi ya kusifiwa na mengi ya kulaumiwa, nasi hatukusudii kuihukumu hapa. Twataka kuonyesha jambo moja tu. Tembe iliwalazimisha watu kushirikiana kwa sababu paa lilikuwa moja. Hata asiyependa alilazimika. Nyumba za mbalimbali ziliuondoa ulazima huo. Macho yalipoona kuta nyingi, moyo nao ukaona mambo mengi: paa langu, paa lako, paa la yule. Panya hakuliona badiliko hilo. Kwake yeye kijiji chote, na leo mtaa wote wa Jiji la Dodoma, ungali tembe moja. Hivyo ushirikiano ambao zamani uliletwa na boriti, sasa sharti uletwe na akili na dhamiri. Kazi hii ni ngumu zaidi, na ndiyo maana yastahili kufundishwa shuleni.

Swali hili limepata kuulizwa kwa ukali zaidi mbali na Dodoma, katika Milima ya Usambara. Mwaka 1980 tauni ilizuka wilayani Lushoto, ikawa hairudi mara moja bali mara nyingi, kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini. Watu zaidi ya 7,000 waliugua na zaidi ya 600 wakafa. Tauni huenezwa na viroboto wa panya. Panya akifa, mwili wake hupoa, na kiroboto huuacha akatafuta damu yenye joto, iwe ya panya mwingine au ya mtu aliyelala. Kwa hiyo waganga hufundisha kwamba penye tauni kiroboto auawe kwanza kwa dawa, ndipo panya auawe. Anayeanza na panya, kwa haraka na kwa nia njema, aweza kuwamwagia viroboto watoto wake na wa jirani. Hapa twajifunza mambo mawili. La kwanza, ugonjwa haukuuliza nani amefagia na nani hakufagia. La pili, nia njema pasipo elimu na utaratibu haitoshi. Tendo jema lililofanywa kabla ya wakati wake huweza kuwa dhara.

Rai ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza. Mwenye rai hiyo husema: "Kwa kuwa jambo hili ni la wote, mimi peke yangu sitafanya kitu. Nikiziba paa langu na wengine wasizibe, nimepoteza saruji yangu. Serikali na ije." Rai hii ina sura ya hekima, na kwa hiyo ni ya hatari zaidi, maana yautumia ukweli wa ujirani kuuhalalisha uvivu. Kila mmoja akimngoja mwenziwe, siku ya kwanza haitakuja kamwe.

Sisi tuliofanya kazi za ofisi twaijua rai hii kwa sura yake. Panya huingia katika paa la nyumba ya umma. Mpangaji husema kwamba nyumba si yake. Mwangalizi husema kwamba amekwisha kuandika barua. Mhasibu husema kwamba fungu halijapatikana. Kila mmoja wao asema kweli, na panya anaendelea kuzaa. Kisha panya hushuka masijala, na huko hali mtama bali majalada. Jalada lililoguguniwa si karatasi tu. Ndani yake mwaweza kuwa na tarehe ya kuajiriwa ya mzee anayedai kiinua mgongo chake, au mpaka wa kiwanja cha mjane. Mwanya ambao ungezibwa kwa mwiko mmoja wa saruji umemnyima mtu haki yake, na ukiuliza mkosaji ni nani, hapatikani. Kosa limegawanywa kwa watu wengi, hata kila mmoja amepata kipande kidogo asichokisikia uzito wake. Lakini kosa si kama mzigo, ambao wabebaji wakiwa wengi huwa mwepesi. Kila aliyeuona mwanya na kuweza kuuziba, naye akaupita, ana kosa zima.

Wako pia waliofikiri kwamba dhamiri ya wengi yaweza kununuliwa. Mwaka 1902, katika mji wa Hanoi nchini Vietnam, serikali ya kikoloni ya Wafaransa, ikiogopa tauni, iliahidi kumlipa kila aletaye mkia wa panya. Mikia ilikuja kwa maelfu. Baadaye maofisa wakaanza kuona panya wasio na mikia wakikimbia mjini: watu walikuwa wakikata mkia na kumwachia panya akazae, na wengine wakagunduliwa wakifuga panya kwa ajili ya mikia yao. Hatuwacheki watu wa Hanoi. Walikuwa chini ya watawala wasiowachagua, na hapana aliyewaambia kwamba mji ule ni paa lao. Anayelipwa kwa mkia huleta mkia. Malipo yaweza kuusaidia wajibu, lakini hayawezi kukaa mahali pake.

Katika kuchagua njia pia, ujirani hauna budi kukumbukwa. Sumu ni rahisi kununua sokoni. Lakini panya aliyekula sumu hafi daima papo hapo. Hutoka akiyumba, akaliwa na paka wa jirani au na bundi, nao wakafa. Huyu bundi tumemdhulumu sana. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, bundi akilia juu ya paa watu husema kwamba amekuja kutangaza msiba, naye hupigwa mawe. Ukweli ni kwamba chakula chake ni panya, na penye panya huja. Amekuja kufanya bila malipo kazi iliyotushinda, nasi twamwua, kisha twaenda kununua sumu. Hatusemi kwamba mila za wazee ni za kutupwa. Tembe yenyewe imetufundisha mengi. Twasema kwamba utamaduni ulio hai huchagua: huishika hekima ya paa moja, na kuiacha hofu ya bundi.

Hapa mpinzani hodari atatukumbusha methali isemayo, "Panya wengi hawachimbi shimo." Methali hiyo ni kweli, nasi twaihitaji. Haisemi kwamba kazi ya wengi haiwezekani. Yasema kwamba wingi pasipo mpango hautoshi. Nao watafiti wa Morogoro, ambao wamewachunguza panya shamba kwa miaka mingi, wamefundisha jambo hilo hilo kwa njia yao: mitego ikitegwa na kijiji kizima, kwa siku zile zile, hufanikiwa kwa namna ambayo mtu mmoja mmoja hawezi, kwa sababu shamba moja lililoachwa huwa kitalu cha panya wa kurudi.

Mpango wenyewe si mgumu. Hutajwa siku moja, kabla ya mavuno kuingia ndani wala si baada yake. Siku hiyo kila nyumba hukata matawi yanayogusa paa, huziba mianya ya bati kwa saruji au kwa wavu wa waya, husafisha ua, na kuinua magunia kutoka sakafuni. Miguu ya kihenge huvishwa bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, ili panya akipanda afike hapo ashindwe. Usiku wake mitego hutegwa mtaa mzima. Wenye nguvu huanza na nyumba ya mjane na ya mzee asiyeweza kupanda ngazi. Si kwa huruma tu, bali kwa kuwa paa lililoachwa wazi kwa unyonge hurudisha panya sawasawa na lililoachwa wazi kwa uvivu. Watu wa Ugogo si wageni wa kazi ya namna hii. Waliitana kulima, na mwenye shamba akawaandalia pombe. Mwito ule ule waweza kupigwa kwa ajili ya paa.

Na mkaidi je, ambaye ameitwa, ameazimwa ngazi, na bado anakataa? Twaona kwamba kijiji kina haki ya kumlazimisha. Kila mtu ana haki juu ya paa lake. Lakini haki ya kuwafuga panya hana, kwa kuwa panya hawakai kwake peke yake. Hata hivyo haki hiyo ya kulazimisha ni ya kutumiwa mwisho, baada ya maneno na msaada, na itumiwe na wale ambao mapaa yao wenyewe yamekwisha kuzibwa.

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Wajibu wa mtu katika jambo la wote una sehemu mbili, na moja haiwezi kusimama badala ya nyingine. Sehemu ya kwanza ni mwanya wako. Huo uzibe leo, wengine wazibe wasizibe. Na saruji yako haikupotea, kwa maana aliyeziba lake ndiye awezaye kusimama mkutanoni akasikilizwa. Sehemu ya pili ni neno kwa jirani na mkono juu ya paa lake. Mwenye rai ya kwanza alishika sehemu ya kwanza akaiacha ya pili. Mwenye rai ya pili alitaja sehemu ya pili ili apate kuikwepa ya kwanza. Mwenye kuzishika zote mbili hawezi kuahidiwa kwamba panya watakwisha. Lakini mwaka wa njaa ukija, hatakuwa miongoni mwa walioileta, na hatakuwa peke yake katika kuikabili.

Twawaomba walimu wasiliache somo hili katika karatasi. Stoo ya shule ina paa, na bweni lina paa. Wanafunzi wapandishwe ngazi wakaone wenyewe mianya, waihesabu, na wajadiliane ni nani aliyepasa kuiziba na kwa nini haikuzibwa. Mjadala huo utawafundisha maadili kuliko hotuba nyingi. Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi, imepokea watu wa kila mkoa, hata katika mitaa yake mipya majirani wengi hawajuani majina. Watu hao hawakuzaliwa katika kaya moja, na hapana boriti iliyowaunganisha. Wakitaka kuwa chini ya paa moja, itawabidi wachague hivyo wenyewe. Mavuno ya uwanda wa kati huingia ndani mwezi Mei na Juni. Yafaa ngazi ziegemezwe ukutani Aprili, wala zisiegemezwe katika nyumba moja tu.